Mhakiki wa Milima ya Baharini

Mhakiki wetu hakuiamini lifti. Jengo letu lilikuwa Upper Hill, na lifti yake ilionyesha namba ya ghorofa kwa taa nyekundu kubwa, lakini mlango ukifunguka yeye alitoa kichwa kwanza, akasoma namba iliyopakwa rangi ukutani, ndipo akatoa mguu. Waliokuwa nyuma yake walisubiri. Siku moja karani alichoka kusubiri akamwambia, "Mzee, si imeandika hapo tumefika?" Akajibu bila kugeuka, "Imeandika. Nani ameithibitisha?"

Namwita Mhakiki kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, na ndivyo tulivyomwita akiwa hayupo. Akiwepo alikuwa Mzee. Ramani yoyote ya ofisi yetu haikutoka nje bila sahihi yake, na sahihi hiyo ilitafutwa kwa jasho. Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilimshuku. Hata sasa ninapoandika haya bado namshuku kidogo, kwa hiyo anayetafuta sifa tupu asome kwingine.

Kazi yenyewe watu hawaielewi. Tunachora sakafu ya bahari tukiwa Nairobi, mji ambao ukitaka kuiona bahari lazima ulale kwenye basi. Mama yangu, huko Kakamega, aliwaambia wanakwaya wenzake kwamba mimi ni mwanamaji, nami sikuwa na moyo wa kumsahihisha. Hatupandi meli. Setilaiti hupita angani, huyapiga maji kwa rada, na kupima uso wa bahari uko juu kiasi gani. Uso huo hauko sawa. Penye mlima mkubwa chini, mwamba ule mzito huyavuta maji ya pande zote, yakajikusanya juu yake na kuinuka kidogo, kiasi ambacho nahodha akipita hapo hahisi kitu. Sisi huchukua mwinuko huo, tukaugeuza kuwa hesabu za mvutano, na kutoka kwenye mvutano tukakisia huko chini kuna nini. Tunakisia, na Mhakiki hakumruhusu mtu yeyote alisahau neno hilo.

Kabla ya kuingia mambo ya ramani aliwahi kuwa mwalimu wa bweni kwenye shule moja ya wavulana huko kwao Ukambani. Kila mgeni aliyeingia ofisini alisimuliwa. "Nilikuwa napita na tochi, naona mablanketi yameinuka, naandika watoto wote wako ndani. Asubuhi naambiwa wengine waliruka ua wakaenda disko. Kumbe nimehesabu mito!" Alicheka yeye kwanza, halafu akakata kicheko ghafla. "Sasa bahari ni hiyo blanketi. Ikiinuka, kuna kitu. Ni kitu gani, hiyo ni stori ingine."

Wa kulifunua blanketi, kwake, alikuwa mmoja tu: meli. Meli ya kupimia hutuma sauti chini, ikasubiri mwangwi urudi, na hapo kina kinajulikana bila kubahatisha. Shida ni kwamba meli za aina hiyo zilizopita upande wetu ni chache na njia zao zimeachana mbali sana. Sehemu kubwa ya bahari yetu hakuna aliyeipima. Ukimpelekea Mhakiki ramani, kabla hajavaa miwani alikuuliza ni meli gani iliyopita hapo. Ukikosa jibu, miwani ilibaki mfukoni.

Mwenzangu mmoja aliyekuwa ametoka kusoma ng'ambo aligundua ukuta. Naam, ukuta, umenyooka kabisa, chini ya bahari, na mrefu kuliko barabara ya kwenda Thika. Asubuhi hiyo alituletea mandazi ya kusherehekea, na nilisikia kwamba alikuwa ameshampigia mwandishi wa habari. Mhakiki akaitazama karatasi, akaomba rula, akaurefusha ule mstari kwa penseli taratibu mpaka ukagusa nchi kavu. Ukafika Mombasa, kwenye lango la bandari. "Hii ukuta yako," akasema, "inaenda kushusha mizigo." Tulipoacha kucheka ndipo nilipoelewa. Pale meli ilipokuwa imepita tuliweka vina vya kweli, kando kando tukabaki na makisio yetu, na kwa kuwa makisio yalikuwa yamezidisha kina, njia ya meli ikasimama juu ya jirani zake mithili ya ukuta. Kosa hilo ni la watu wa kazi yetu tu. Mwenzangu aliacha mandazi mezani akaenda kunywa chai peke yake.

Nje ya ramani alikuwa hivyo hivyo. Sukari yake aliifungia kwenye droo. Ukimpigia simu kwa namba asiyoijua alisema, "Kata, nitakupigia," akakata, na hakupiga. Alikuwa mzee wa kanisa kule Riruta, na mchungaji akitaja aya, yeye alifungua Biblia yake, akaitafuta kwa kidole, akaisoma mpaka mwisho, kisha akainua kichwa. Mchungaji alijifunza kumngoja. Nilishuhudia mwenyewe, maana nami nilihamia Riruta, nikakodi chumba kwenye ploti moja karibu na Naivasha Road, si mbali na nyumba yake.

Huko Riruta ndiko alikonitatanisha zaidi. Wezi walipovunja mlango wangu, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika, jua halijapanda vizuri, akiwa na kufuli jipya mkononi. Alilifunga mwenyewe, akalivuta kwa nguvu zake zote, akanikabidhi ufunguo. Mmoja. Kufuli za dukani huja na funguo kadhaa, kila mtu anajua. Nikamuuliza, "Mzee, na zile zingine?"

"Nimetupa. Ufunguo wa ziada ni wa mwizi."

Nilimshukuru sana. Alipoondoka nilikwenda dukani nikanunua kufuli lingine.

Halafu mtu huyu huyu alikuwa mteja wa kila tapeli wa asali pale Ngara. Wale wanaume wanaotembea na ndoo na vipande vya masega vinavyoelea juu walimjua kwa sura. Hakuonja, hakunusa, hakuuliza nyuki wa wapi. Salamu moja ya Kikamba ilimtosha. "Huyu tunatoka upande moja, hawezi nidanganya," aliniambia, akiwa ameikumbatia chupa. Ilikuwa sukari guru iliyochemshwa. Niliionja ofisini, kila mtu akaionja, na yeye akailamba mpaka ikaisha akisema ni asali ya msimu wa kiangazi.

Sitaficha kwamba asali hiyo ilinipa fikira mbaya. Kumbe anaamini, nikajiambia, ila anaamini watu wa kwao. Mimi natoka magharibi. Na wakati huo tayari alikuwa ameukataa mlima wangu.

Nasema mlima wangu kwa sababu mimi ndiye niliyeuleta. Ulikuwa mbali baharini, mbele ya mahali Mto Tana unapomwaga maji yake, sehemu ambayo ramani yetu ilionyesha tambarare tupu. Nilikuwa nasafisha vipimo vya setilaiti, nikitoa kelele za mawimbi, na kila nilipotoa kelele, uvimbe mmoja ulizidi kujitokeza, mviringo na mkubwa. Nilirudia hesabu kwa njia tofauti. Haukuondoka. Nilikuwa bado mgeni kazini, sina chochote ambacho mtu angesema hiki ni cha yule msichana. Nilitaka mlima ule uingie kwenye ramani, na ijulikane kwamba ni mimi niliyeuona. Sikutaka kitu kingine chochote kwa nguvu kama hicho. Hata jina nilikuwa nimeshauchagulia.

Mhakiki alivaa miwani kabla ya kuuliza habari za meli. Hilo pekee lilikuwa jambo geni. Aliinamia skrini yangu akakaa hapo muda mrefu, mrefu mno, mpaka nikaanza kusikia pumzi zake.

"Nani mwingine ameona hii?"

"Wewe tu, Mzee."

"Meli gani imepita?"

"Hakuna. Lakini iko clear kabisa, cheki vile imejitokeza."

"Naona imejitokeza. Sina ramani ya vitu zimejitokeza, madam. Niko na ramani ya vitu ziko." Akavua miwani. "Wacha ikae hivyo. Na usionyeshe watu."

Usionyeshe watu! Mtu anayekataa kitu kwa sababu ni cha uongo, ana haja gani kukificha? Kuanzia siku hiyo nilimchunga. Nilipomuuliza tena mwaka uliofuata alisema meli haijapita. Mwaka mwingine, vivyo hivyo. Alisema kwa upole, na upole wenyewe haukuwa wake. Kisha alasiri moja nilimpelekea karatasi za kutia sahihi, nikakuta mlima wangu kwenye skrini yake. Si ramani yangu. Ilikuwa nyingine, ya vipimo vya zamani, hafifu, lakini mahali ni pale pale na umbo ni lile lile. Aliponisikia aliifunga haraka, akachukua karatasi zangu akazitia sahihi bila kusoma. Bila kusoma, yeye! Nilitoka mle kwa hasira.

Nilimweleza yule mwenzangu wa ukuta. Akatingisha kichwa akanong'ona, "Wewe hujui wazee? Anakungoja utoke. Ukitoka tu, anaiweka na jina yake."

Niliamini. Nilianza kuhifadhi kazi yangu mahali asipoweza kuifikia. Nikawa natazama milango, nasikiliza simu zake, nahesabu wageni wake. Kuna kijana wa kwao, mwanakanisa mwenzake, aliyeajiriwa baadaye, na Mhakiki alimrudishia ramani zake tena na tena mpaka kijana akaomba uhamisho. Jambo hilo lingetosha kuniondolea shaka. Nikasema anajificha, anatuonyesha haki ili tusione anachopanga. Ukishaanza kumshuku mtu, hata mema yake yanageuka ushahidi.

Ila hakuiba. Alistaafu, tukamkatia keki, akauliza imeokwa na nani ndipo akala, akasalimia kila mtu, akateremka na lifti akachungulia namba ya ukutani kwa mara ya mwisho. Mlima haukuwa kwenye ramani yoyote, si kwa jina lake wala la mtu mwingine. Miezi michache baadaye, kwa mshangao wangu, niliwekwa mimi kwenye kiti chake.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuufungua mlima wangu. Sasa sahihi ilikuwa yangu. Tena ilikuwa imerushwa setilaiti mpya inayoona vitu vidogo kuliko zile za zamani, na kwenye vipimo vyake ule uvimbe ulikuwa umetulia pale pale, umechongeka vizuri zaidi. Nilishika kalamu. Nikaanza kufikiri habari za Mto Tana.

Mto ule umemwaga matope baharini tangu enzi ambazo hakuna mtu wa kuzihadithia. Matope yametandaza sakafu yote ya upande ule, mazito, tabaka juu ya tabaka. Mlima wangu ungeweza kuwa umesimama majini kweli. Ungeweza pia kuwa umezikwa wote, kilele na yote, chini ya matope, na sakafu juu yake ikawa tambarare vile vile ramani yetu ilivyosema. Mwamba uliozikwa bado ni mzito, bado unayavuta maji, bado unaonekana kutoka angani. Setilaiti haiwezi kukuambia kama kuna mlima juu ya sakafu au chini yake. Wa kukuambia ni yule yule anayetuma sauti, meli. Niliweka kalamu chini nikamlaani Mhakiki kwa sauti, peke yangu ofisini, kwa kuniambukiza ugonjwa wake.

Nilimwona kwa mara ya mwisho mwaka jana. Mke wake alinipigia akaniambia mzee ananiulizia, niende Jumamosi. Nikabeba mkate na sukari, nikapita njia za nyuma za Riruta mpaka getini kwao. Mkewe, Mama kama tulivyomwita, alinipokea kwa furaha, akaniingiza sebuleni. Mhakiki alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Alikuwa amepungua. Aligeuza kichwa chote kunitafuta, kana kwamba anachungulia kupitia bomba.

"Ni presha ya macho," mama akasema. "Inamfungia kutoka kando. Daktari amesema yale yamepotea hayarudi."

"Nenda ulete chai," mzee akamwambia, na alipotoka akaniinamia. "Ile mlima. Uliiweka?"

"Hapana, Mzee."

"Si uko na sahihi?"

"Niko nayo. Lakini hakuna meli imepita."

"Iweke."

Nilidhani sikusikia vizuri. Wazo la kwanza, nakiri, lilikuwa kwamba ni mtego, kwamba ananipima aone kama kiti chake kimekaliwa na mtu mzima. Wazo la pili lilikuwa baya zaidi, kwamba kuna mtu amemtuma. Nikamuuliza wazi. "Mzee, unanijaribu? Ama kuna mtu anaitaka?"

"Mimi ndio naitaka." Alipapasa mkono wa kiti. "Niliiona kabla wewe hujakuja. Kwa data ya zamani, mbaya mbaya tu. Sikuambia mtu. Nikasema meli itapita. Kila mwaka nasema meli itapita. Halafu wewe msichana ukaingia na yako iko safi, nikajua mimi si mwendawazimu. Nilifurahi. Na nilikuchukia."

Nilisogeza kiti changu karibu naye.

"Ulikuwa unanishuku," akasema.

"Sana."

"Ulikuwa na haki. Nilikataa juu ya meli, hiyo ni ukweli. Lakini pia nilikataa juu ningesaini, ingekuwa yako. Sasa sijali ni ya nani. Andika jina yako, andika ya mamako. Nataka kuiona kwa ramani, ile rangi yake, nikiwa bado naona. Daktari hajanipa muda mrefu."

Mama aliingia na chai, akatumiminia, akaona nyuso zetu, akatoka tena. Nilimweleza habari za matope, polepole, ingawa nilijua anazijua. Alinisikiliza kwa kichwa kilichoinama.

"Najua matope," akasema. "Mimi ndio nilifundisha watu habari ya matope. Iweke tu."

Ingekuwa rahisi sana. Ramani ile ni yangu kuitia sahihi, hakuna anayenihakiki mimi, na katika dunia nzima waliokuwa wakiutaka mlima ule kwa moyo wote walikuwa wawili, nao walikuwa wamekaa sebule moja wakinywa chai. Nilimpenda wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda katika miaka yote ya kazi. Nilitaka kumpa. Na nilijua kwamba wavuvi, watu wa nyaya za chini ya bahari, na wale wanaokokotoa mawimbi ya hatari wangeifungua ramani hiyo wakakiamini kila wanachokiona, maana ina sahihi.

"Siwezi, Mzee."

Alininyooshea mkono, akaukosa wangu, akaupata. "Tafadhali," akasema. Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake, kwa mkubwa wala kwa mdogo.

Nikasema hapana.

Hakukasirika. Hakunisifu pia, na ningefurahi kama angenisifu, maana ningejua kwamba kweli ulikuwa mtihani. Alirudisha mkono wake kwenye kiti akageukia dirisha. Mama alinisindikiza mpaka getini, akaniuliza kama mzee amesema vibaya. Nikamwambia la, nimesema vibaya mimi. Nililia mpaka Naivasha Road. Jumatatu niliifungua ramani, nikaitazama ile sehemu mpaka macho yakauma, nikaiacha tambarare.

Wiki iliyopita mama alinipigia tena. Macho ya mzee yamekwisha, hata mwanga wa dirisha hautambui. Yuko mzima lakini, anakula vizuri, anamsumbua kila mtu. Ndipo nikasikia sauti yake nyuma ya ile ya mama, ikiuliza kitu.

"Anasema nikuulize," mama akaniambia, "kama kuna meli imepita."

"Mwambie bado, Mama," nikasema. "Bado."